Je, Ni Chako Kutoa?

Mwongozo kwa kijana Mkristo anayetaka kumtolea Mungu kitu kikubwa

Huenda ni mshahara wako wa kwanza, na kanisani wametangaza kwamba malimbuko ni mshahara mzima. Huenda ni kazi unayotaka kuiacha ukatumike, au mfungo wa siku 21 ambao mwili wako unauogopa, au ahadi uliyoitamka mbele ya watu huku kinanda kikipigwa na sasa hulali. Moyo umegawanyika. Upande mmoja unakwambia ukisita huna imani, na upande wa pili unauliza kodi ya chumba atalipa nani. Vijana wengi huchukulia kwamba hiyo ni vita kati ya imani na akili, wakachagua upande wakajutia. Mwongozo huu una dai moja: kabla hujajiuliza kama una imani ya kutosha, jiulize kama kitu unachotaka kutoa ni chako. Swali hilo limo ndani ya Biblia tangu Mwanzo hadi Matendo, na majibu yake yanaandikika kwenye karatasi. Ukishalijibu, swali la imani linabaki, ila linabaki na ukubwa wake halisi.

Kwa nini tuanze na umiliki

Fungua Marko 7, mstari wa 9 hadi wa 13. Yesu anawakabili Mafarisayo juu ya desturi ya Korbani. Mtu alikuwa akitangaza kwamba mali fulani imewekwa wakfu kwa Mungu, na kwa tangazo hilo akawa ameondokewa na wajibu wa kumsaidia baba na mama yake kwa mali hiyo. Kwa nje ilikuwa sadaka safi kabisa: jina la Mungu lilitajwa, na utaratibu wa dini ulifuatwa. Yesu aliikataa, na sababu yake haikuwa kwamba mtoaji hakuwa na imani. Msaada ule ulikuwa haki ya wazazi, na mtoto alikuwa anamlipa Mungu kwa deni la watu wengine. Hii ndiyo hukumu iliyo wazi kuliko zote katika Agano Jipya juu ya sadaka inayomnyima mtu haki yake, na ajabu ni kwamba haihubiriwi mara nyingi msimu wa ahadi ukifika.

Linganisha na kisa kinachohubiriwa sana, cha Anania na Safira katika Matendo 5. Watoaji hutishwa nacho: ukizuia, utaanguka chini. Lakini soma mstari wa 4. Petro anamkumbusha Anania kwamba kiwanja kilikuwa chake kabla ya kuuzwa, na kwamba hata baada ya kuuzwa fedha zilikuwa mikononi mwake. Kosa lake lilikuwa uongo: alileta sehemu akidai ni yote. Kanisa lile lile ambalo watu wake waliuza mashamba wakashirikiana vitu vyote halikuwahi kusema kwamba mali ya mtu ni ya kanisa kabla hajaitoa. Kama Anania angesema, "Nimeleta nusu," hapangekuwa na kisa cha kusimulia.

Kisa cha tatu ni kigumu zaidi. Katika Waamuzi 11, Yeftha anaweka nadhiri kabla ya vita na Waamoni kwamba atakachokutana nacho kikitoka mlangoni mwake atakapofika nyumbani kitakuwa cha Bwana. Anayetoka ni binti yake wa pekee. Wapo wafasiri wanaosema alitengwa tu abaki bikira. Hata wakiwa sahihi, maisha yaliyotolewa yalikuwa ya binti na kinywa kilichoahidi kilikuwa cha baba. Ni kweli Waebrania 11 inamtaja Yeftha miongoni mwa watu wa imani, lakini nadhiri ile haitajwi hapo. Usidhani jambo hili liliishia enzi za Waamuzi. Kuanzia Aprili 2023 zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ya watu walioambiwa kwamba kufunga hadi kufa ndiyo njia ya kumfikia Yesu. Miongoni mwao walikuwamo watoto. Mtu mzima aliyefunga alidanganywa juu ya mwili wake mwenyewe. Mtoto alitolewa kwa imani ya mtu mwingine. Mzazi hulea mwili wa mtoto wake, lakini hana ruhusa ya kuutoa sadaka.

"Lakini Ibrahimu hakuuliza"

Hili ndilo pingamizi utakalokutana nalo kwanza, na lina uzito. Katika Mwanzo 22, Ibrahimu anaambiwa amtoe Isaka naye anaondoka asubuhi na mapema, bila kubishana. Basi kwa nini wewe uombe karatasi na kalamu?

Jibu la kwanza ni kwamba Ibrahimu alikuwa na desturi ya kuuliza. Sura nne nyuma, katika Mwanzo 18, alisimama mbele ya Mungu akapatana naye juu ya Sodoma, akishuka kutoka wenye haki 50 hadi 10, wala hakukemewa. Imani ya Moria ilikuwa ya mtu aliyezoea kuzungumza na Mungu waziwazi. Jibu la pili: ni Ibrahimu mwenyewe aliyeambiwa. Hakutumiwa nabii wa kumweleza kwamba Mungu anamtaka mwanawe, na hakuna binadamu aliyepata faida yoyote kutokana na safari ile. Ukiambiwa "Mungu amenionyesha wewe utoe", pima sentensi hiyo kwa kipimo hicho. Jibu la tatu ndilo zito: kisu kilizuiwa. Aliyetolewa ni kondoo dume aliyenaswa kichakani. Torati iliyofuata ikapiga marufuku kumtoa mtoto sadaka (Mambo ya Walawi 20), na Yeremia 7:31 inamwonyesha Mungu akisema kwamba kuchoma watoto ni jambo ambalo hata halikumwingia moyoni. Anayekutumia Ibrahimu ili utoe kisicho chako amesoma nusu ya kwanza ya hadithi akafunga kitabu.

Kuna somo lingine katika sura hiyo ambalo hupitwa haraka. Ibrahimu aliuona mlima siku ya tatu. Kati ya agizo na tendo kulikuwa na safari, punda, kuni na usingizi wa usiku mmoja au miwili. Amri iliyo kubwa kuliko zote alizopewa mwanadamu huyu haikumtaka atende kabla ibada haijaisha.

Hatua za kufuata

1. Kiandike kwa jina, kiasi na tarehe. "Nataka kumpa Mungu maisha yangu yote" ni sala nzuri, lakini haipimiki. Andika: "Nataka kutoa Sh 425,000 tarehe 30," au "nataka kuacha kazi Juni nijiunge na huduma fulani." Kisicho na kiasi hukua usiku.

2. Tenga kilicho chako na kilicho cha wengine. Hatua hii ndiyo kiini, kwa hiyo tuifanye kwa mfano. Tuseme umeajiriwa Tanzania kwa mshahara wa Sh 600,000 kwa mwezi na ulisoma kwa mkopo wa serikali. Ukiondoa mchango wa hifadhi ya jamii, kodi ya mapato na asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo, mkononi unabaki na kama Sh 425,000. Chumba ni 70,000. Rejesho la kikoba ni 30,000. Mama kijijini unampelekea 50,000, naye anazitegemea. Chakula 120,000, nauli 60,000. Sasa gawa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la wengine: mwenye nyumba, wanakikoba na mama, jumla 150,000. Hizo si zako. Ukizipeleka madhabahuni umefanya Korbani. Fungu la pili ni chakula chako na nauli yako, 180,000. Hizo ni zako, na ukiamua kutembea kwa miguu au kula mlo mmoja ili utoe, hapo ndipo neno sadaka linapoanza kuuma. Fungu la tatu ni 95,000 zinazobaki, unazoweza kutoa bila kutikisika. Mshahara mzima, kama unavyoona, hauwezi kuwa wako wote. (Kama fungu la kumi lihesabiwe kabla ya makato au baada yake, hilo waachie wachungaji wako wabishane.) Na fedha ya kukopa, iwe mkopo wa simu au bumu la chuo, haijawa yako bado. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, na sadaka ya kuazima humwachia mtoaji deni na riba.

3. Uliza nani mwingine ataumia. Danieli alipokataa chakula cha mfalme katika Danieli 1, aliyekuwa hatarini kukatwa kichwa hakuwa Danieli peke yake. Mkuu wa matowashi alisema wazi kwamba kichwa chake kingekwenda. Danieli hakumwambia "Mungu atakulinda" akaendelea na mambo yake. Alimpendekezea msimamizi aliyewekwa na mkuu huyo jaribio la siku 10 ambalo angeweza kulivumilia. Msimamo wake haukulegea, na mwenzake hakubebeshwa gharama bila kuulizwa.

4. Kipe muda. Kwa fedha, angalau siku tatu kama za Ibrahimu. Kwa maisha, miezi na miaka. Kanisa Katoliki, ambalo limepokea vijana wanaotaka kujitoa kwa karne nyingi, halimruhusu mtu kuweka nadhiri kabla ya unovisi usiopungua miezi 12, na baada ya hapo kuna nadhiri za muda zisizopungua miaka mitatu kabla ya zile za daima. Zaidi ya hayo, kanuni ya 644 ya sheria za Kanisa hilo inakataza kumpokea unovisi mtu mwenye madeni asiyoweza kuyalipa. Soma tena: hata anayetaka kumpa Mungu maisha yake yote huulizwa kwanza anadaiwa na nani. Kwa upande wa haraka tunao mfano wa Kanungu, Uganda. Waumini wa kundi moja waliuza mali zao na kukabidhi kila kitu kwa kuamini kwamba dunia ingefika mwisho pamoja na mwaka 1999. Januari ikaja kama kawaida, nao hawakuwa na shamba la kurudia. Tarehe 17 Machi 2000 mamia yao wakafa kwa moto ndani ya kanisa lao.

5. Mweleze mtu mmoja asiyefaidika na sadaka hiyo. Mchungaji wa kanisa linalopokea hafai kwa kazi hii, hata kama ni mtakatifu. Mtafute shangazi, mwalimu wako wa zamani, mzee wa jumuiya, au rafiki aliye na uthubutu wa kukukatalia. Humwombi ruhusa. Unataka usikie jinsi wazo lako linavyosikika likitamkwa mchana, mbele ya mtu anayekunywa chai.

6. Jaribu kidogo kwanza, panapowezekana. Unataka kuacha kazi ukahubiri? Chukua likizo yako ya mwaka utumike wiki nne.

7. Toa, kisha ufunge daftari. Ukiisha kupima na kuridhika, toa bila kusubiri marejesho. Shadraka, Meshaki na Abednego walimwambia mfalme kwamba Mungu wao anaweza kuwaokoa, na kwamba hata asipowaokoa hawataisujudia sanamu. Kumtumaini Mungu ni hiyo sehemu ya pili. Anayetoa 100,000 akisubiri milioni moja amenunua, na bidhaa isipofika ataanza kumdai Mungu au kujilaumu kwamba imani yake ilikuwa haba.

KISANDUKU: Ukisikia haya, simama

☐ "Baraka hii inafungwa saa sita usiku."
☐ "Usimwambie mzazi wala mwenzi wako, watakukatisha tamaa."
☐ Sadaka imepangwa kwa madaraja, na anayetoa zaidi anaombewa peke yake.
☐ Fedha inatumwa kwenye namba binafsi ya mtu, na hakuna risiti.
☐ Unashauriwa kukopa, kuweka simu rehani au kuuza kiwanja cha familia.
☐ Unaambiwa uache dawa ili uonyeshe imani.
☐ Kusita kwako kunaitwa laana.

Moja tu likitimia, rudi hatua ya nne. Yakitimia matatu, ondoka.

Mambo matatu yanayowasumbua vijana zaidi

Malimbuko. Desturi ya kutoa mshahara wote wa kwanza hujengwa juu ya Kumbukumbu la Torati 26. Isome polepole. Mwisraeli aliagizwa achukue sehemu ya malimbuko ya ardhi, atie katika kikapu, apeleke mbele ya kuhani. Kikapu ni kikapu. Ghala lilibaki nyumbani. Kisha mstari wa 11 unamtaka afurahie mema hayo pamoja na Mlawi na mgeni anayekaa kwake. Kwa hiyo anayekwambia kwamba Biblia inaamuru mshahara mzima anaongeza juu ya andiko. Hata hivyo hakuna andiko linalokukataza. Kama unaishi kwa wazazi, hudaiwi, hakuna anayekutegemea, na umepita hatua zote saba kwa moyo mweupe, toa mshahara wako wote na usimjali anayekucheka. Tofauti iko hapo tu: ni zawadi yako, si kodi uliyotozwa.

Kuacha kazi au masomo. Hapa pingamizi huja na nyavu za Petro: aliziacha mara moja. Ni kweli, lakini Marko ana jicho la mtu anayejua biashara ya uvuvi. Katika 1:20 anasema Yakobo na Yohana walimwacha baba yao Zebedayo chomboni pamoja na watu wa mshahara. Mzee hakuachwa peke yake na nyavu, vibarua walikuwapo. Na mistari tisa mbele, Yesu yuko nyumbani kwa Simoni akimponya mama mkwe wake, nyumba ambayo bado ina watu na chakula. Elisha naye, katika 1 Wafalme 19, aliomba kwanza akawaage baba na mama yake, kisha akachinja ng'ombe, akawapikia watu kwa kuni za jembe lake. Alichoma daraja la kurudi, na kila aliyehusika alikula nyama na kumuaga. Mtu makini atasema: mbona katika Luka 9 Yesu alimkatalia aliyetaka kwenda kuwaaga wa nyumbani kwake? Maneno yale ni makali, na hayafai kulainishwa. Yanamlenga mtu ambaye kila siku ana jambo moja zaidi la kumaliza. Lakini Luka yule yule, sura ya 14, anaweka dai la kumpenda Yesu kuliko baba na mama jirani kabisa na mfano wa mjenzi wa mnara, anayeketi kwanza kuhesabu gharama asije akashindwa njiani watu wakamcheka. Yesu aliyedai kila kitu ndiye aliyesema uketi uhesabu. Basi kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, iulize huduma inayokuita: posho ni kiasi gani, inalipwa na nani, ukiugua nani anatibu, mkataba uko wapi? Toa notisi kama sheria inavyotaka. Deni la Bodi halifutwi na wito.

Kufunga. Mwili ni wako, ndiyo, ila nao una masharti yake. Mjamzito, mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo, anayemeza dawa za kila siku ziwe za kifua kikuu, virusi vya UKIMWI, kifafa au shinikizo la damu, asifunge kabla ya kuongea na daktari wake, na asiruke dozi kwa ajili ya maombi. Funga chakula lakini kunywa maji. Ukiona kizunguzungu, mkojo umekuwa mchache na mweusi, au umeanza kuchanganyikiwa, fungua papo hapo. Mfungo mrefu ukiisha anza na uji mwepesi, usikimbilie pilau. Watoto wasifungishwe. Na kama mfungo wako unakufanya uwe mkali kwa wafanyakazi na dada wa nyumbani, Isaya 58 ilishaandika juu yako.

"Huu si mwongozo wa ubahili?"

Unaweza kugeuka kuwa hivyo. Mtu mchoyo atasoma hatua ya pili atafute watu wa kudaiwa nao, ili fungu la tatu liwe sifuri kila mwezi. Kwa huyo, kipimo cha umiliki kina makali upande wa pili: kilicho chako kweli hakina kisingizio. Saa zako mbili za jioni ni zako. Sifa yako ofisini ni yako, na siku utakapotakiwa kusaini hati ya uongo, kupoteza cheo ni sadaka ambayo hakuna mchungaji atakayekutangazia. Mashahidi wa Namugongo, Uganda, wengi wao vijana, walichomwa moto tarehe 3 Juni 1886 kwa kukataa kuikana imani yao. Mdogo wao, Kizito, alikuwa na umri wa kama miaka 14. Walitoa kilicho chao, tena chote. Lakini angalia jinsi moto ulivyowafikia: hawakuutafuta ili kuthibitisha kitu. Waliletewa sharti ambalo dhamiri iliwakataza kulikubali. Hapo ndipo penye mpaka kati ya kumtumaini Mungu na kumjaribu. Shetani alimpandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu akamtajia hata andiko la malaika watakaomdaka. Yesu akakataa kuruka. Baadaye alikwenda msalabani. Aliyekataa kuruka na aliyekubali msalaba ni mtu mmoja, na mwenye imani changa huwa anayachanganya mambo hayo mawili.

Halafu kuna wajane wawili wanaoletwa kila mara kukujibu. Yule wa senti mbili, Marko 12, alitoa riziki yake yote, na zilikuwa zake, Yesu akamwona. Ila mstari unaotangulia, wa 40, unawalaani waandishi wanaokula nyumba za wajane. Msifu mama yule, na wakati huo huo uulize hekalu lilimfanyia nini siku iliyofuata. Yule wa Sarepta, 1 Wafalme 17, aliombwa mkate na Eliya akiwa na konzi moja ya unga, naye alimpikia nabii kwanza. Ndiyo, lakini Eliya alikaa. Alihamia katika nyumba hiyo, akala unga ule ule siku nyingi, na mtoto wa mjane alipofariki, nabii ndiye aliyembeba na kumlilia Mungu. Mtumishi anayekuomba unga wako wa mwisho na awe tayari kuja kula nawe kesho.

Kama tayari uliahidi na huna

Mhubiri 5 inasema wazi kwamba ni heri kutoweka nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe, na mstari huo umewafanya vijana wengi wakimbie kanisa kwa aibu au wakope ili walipe. Fanya hivi. Kwanza, rudi hatua ya pili ujue ni sehemu gani ya ahadi ilikuwa yako kuahidi. Uliyoahidi kutoka fungu la wengine hukuwa na mamlaka nayo. Tubu kwa kuropoka, ukawalipe wenyewe. Pili, iliyo yako ilipe kidogo kidogo kwa tarehe ulizoandika. Tatu, usijifiche. Torati yenyewe, ambayo ilikuwa kali juu ya nadhiri, iliweka mlango kwa maskini: Mambo ya Walawi 27 inapanga viwango vya nadhiri kwa shekeli, kisha mstari wa 8 unasema aliyeshindwa kiwango aletwe mbele ya kuhani, naye kuhani amkadirie kulingana na uwezo wake. Kwa sadaka ya dhambi pia, aliyeshindwa mwanakondoo aliruhusiwa njiwa, na aliyeshindwa njiwa aliruhusiwa unga. Wazazi wa Yesu walipompeleka hekaluni, Luka 2 inawaonyesha wakitoa sadaka ya ndege.

Basi wiki hii mwendee mchungaji wako mkiwa wawili tu, umweleze kiasi ulichoahidi na kiasi unachoweza. Akikasirika, mpe Biblia ikiwa imefunguliwa hapo Walawi 27, asome mwenyewe mstari wa 8.